Usiibebe Hofu Peke Yako

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Somo: Marko 2:1–12

Asubuhi ya leo ningependa kuzungumza hasa na vijana, wale wenye umri wa miaka 13 hadi 19. Lakini ninyi wazazi msiondoke karibu na redio, maana neno lenu limo humu pia. Jambo nililo nalo ni hofu ya ugonjwa, na hasa hofu ya ule ugonjwa tunaouita kiharusi.

Najua yupo atakayeguna na kusema, "Kijana na kiharusi, wapi na wapi? Hayo si maradhi ya wazee?" Ndiyo, kwa kawaida ni maradhi ya watu wazima. Lakini hofu yake haichagui umri. Kijana huwapo nyumbani mzee anapoanguka. Huwapo matangani watu wanaponong'ona, "Na jana jioni tulikuwa naye, mzima kabisa." Sisi wakubwa husema neno hilo tukaendelea na chai. Kijana hulichukua akaenda nalo kitandani.

Msichana wa miaka 16

Nataka kuwasimulia habari za msichana mmoja wa miaka 16, mwanafunzi wa shule ya bweni. Jina lake na kwao sitavitaja. Babu yake, ambaye alimpenda sana, alipatwa na kiharusi asubuhi moja alipokuwa akifungua zizi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakakataa kutoka. Alikimbizwa hospitali, akanusurika, lakini mkono haukurudi kuwa kama zamani.

Tangu siku hiyo msichana akaanza kujichunguza. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akatabasamu, apate kuona kama mdomo umekaa sawa. Aliinua mikono yote miwili akahesabu hadi kumi. Usiku bwenini aliweka kidole shingoni kusikiliza mapigo ya moyo, tena alinong'ona jina lake gizani ili ahakikishe ulimi haujawa mzito. Alikuwa mchezaji hodari wa netiboli, akaacha, kwa sababu mbio ziliufanya moyo kwenda kasi, na moyo ukienda kasi yeye alidhani mshipa utapasuka kichwani. Wakati wa likizo alichukua simu ya mama yake usiku, akasoma habari za kiharusi mpaka jogoo wakawika. "Mama, nitazame uso. Uko sawa?" Mama akamjibu, "Uko sawa, mwanangu." Nusu saa haijapita, anauliza tena.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko hayo yote, na hakuna aliyeling'amua upesi. Msichana yule aliacha kwenda kumwona babu yake. Nyumba ya mzee iko karibu tu, ng'ambo ya kijito. Kila alipotumwa ampelekee babu uji, alipata sababu ya kutokwenda. Babu akadhani mjukuu wake anachukizwa na mate yanayomtoka kinywani. Kumbe mtoto alikuwa hawezi kuutazama ule mkono, kwa kuwa kila alipoutazama aliuona kama ni wake mwenyewe.

Hapo ndipo hofu ilipokuwa imemfikisha. Haikumkinga na kiharusi hata kidogo. Ilimnyang'anya usingizi, ikamnyang'anya mchezo wake, kisha ikamnyang'anya babu.

Tujue ukweli wa mwili

Kabla hatujalitazama somo letu, yafaa tuujue ukweli wa mwili, maana aliyeuumba mwili ni Mungu, na kuujua vizuri hakuipunguzi imani.

Ubongo wetu hulishwa na damu inayopita katika mishipa. Mshipa mmoja ukizibwa na donge la damu, au ukipasuka damu ikavuja, sehemu ile ya ubongo hukosa chakula chake na kuanza kufa. Hicho ndicho kiharusi. Si jini, si kijicho cha jirani, wala si adhabu ya dhambi fulani iliyofichika. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 32. Wataalamu waliona kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa ndiyo yanayobeba karibu sehemu 9 kati ya 10 za hatari ya kiharusi. Kubwa kuliko yote ni presha ya juu. Mengine ni kama sigara, pombe nyingi, kisukari, chakula kisichofaa, na kukaa bila kuutumikisha mwili. Kwa kawaida mambo hayo huchukua miaka mingi kuiharibu mishipa.

Je, kijana hawezi kupatwa kabisa? Sitawadanganya. Hutokea, lakini ni kwa nadra sana. Katika nchi zilizohesabu, ni wachache tu kati ya watoto 100,000 kwa mwaka, na mara nyingi huwa ipo sababu inayojulikana: ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa moyo, maambukizi makali, au jeraha la kichwa au shingo. Kijana mwenye selimundu, nao si wachache huku kwetu Magharibi na Pwani, asikose siku zake za kliniki, maana kwake hatari ni kubwa zaidi, na ipo dawa ya kuipunguza.

Sasa itazameni hofu yenyewe. Mtu akiogopa, moyo huenda mbio, naye huanza kupumua haraka haraka bila kujua. Akipumua hivyo kwa muda, ile hewa chafu tunayoitoa hupungua mno katika damu, na mishipa ya kichwani hujikaza kidogo. Ndipo kichwa huwa chepesi, vidole vya mikono yote miwili huingia ganzi, na hata midomo huhisi kama inatembelewa na siafu. Kijana husema moyoni, "Haya, kimefika!" Hofu huongezeka, pumzi nayo huongezeka, na ganzi huongezeka. Ni hofu inayojizalia watoto wake yenyewe. Lakini mara nyingi mambo hayo hupanda kwa dakika kadhaa kisha hushuka, na kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi husaidia kuyashusha.

Kiharusi kwa kawaida hakiji hivyo. Huja ghafula, na mara nyingi hushika upande mmoja: uso kushuka, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kukwama au kuvurugika. Ukimwona mtu yeyote mwenye dalili hizo, awe mzee au kijana, usimpe chai, usimkande, usimngojee mchungaji. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, nayo yapaswa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Mimi niiteni mkiwa tayari njiani, nitawakuta huko.

Jifunze dalili hizo mara moja, kijana wangu, kisha uziweke kama shule iwekavyo ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Ipo, na kila mtu anajua ilipo, lakini hakuna mwanafunzi anayekwenda kuichungulia kila dakika kumi.

Mtu aliyebebwa na wanne

Na sasa tuje kwenye somo. Marko anatusimulia habari za mtu mwenye kupooza kule Kapernaumu. Nyumba alimokuwamo Bwana Yesu ilijaa watu hata mlangoni hapakuwa na nafasi. Watu wanne wakamleta yule mgonjwa amelala juu ya godoro lake. Walipokosa njia walipanda darini, wakaitoboa dari, wakamteremsha chini mbele ya Bwana.

Mara nyingi tukilihubiri somo hili humtazama mgonjwa, au huwatazama waandishi waliokuwa wakinung'unika mioyoni. Leo nataka tuwatazame wale wanne. Hawa walikuwa watu wenye mikono na miguu yenye nguvu. Kila mmoja wao angeweza kusema, "Huyu jamaa yetu alikuwa mzima kama mimi, leo hawezi kujigeuza. Heri nisimtazame, nisije nikaota usiku." Kama wangesema hivyo, nani angalimleta? Macho yao hayakuwa juu ya mikono yao wenyewe. Yalikuwa juu ya mwenzao, na juu ya dari, na juu ya kamba.

Tena mwinjili anaeleza neno ambalo ni rahisi kulipita mbio. Imani ambayo Bwana aliiangalia ilikuwa ya hao waliomleta. Yule aliyelala hatusikii akisema lolote. Pengine alikuwa na imani, pengine alikuwa amejaa hofu akining'inia pale hewani kati ya dari na sakafu. Lakini alikubali kubebwa, na imani ya rafiki zake ilitosha kumfikisha.

Wewe kijana uliyeambiwa, "Unaogopa kwa sababu huna imani," nakusihi usivunjike moyo. Kuogopa si kukufuru. Siku ambayo imani yako ni nyembamba kama uzi, wapo wengine wa kukubeba kwa imani yao. Lakini hawataweza kukubeba kama hawajui kwamba umelala.

Swali la msichana

Msichana yule alipokuja kuniona aliniuliza swali moja. Alisema, "Mchungaji, je, Mungu ameahidi kwamba mimi sitapatwa na kiharusi?"

Nilimjibu, "Hapana, mwanangu. Hakuahidi hivyo." Nilimwona akishtuka. Lakini sikuona haki kumpa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Watakatifu waliugua, na mitume walikufa. Alichoahidi Bwana ni kwamba hatatuacha, si siku ya uzima wala siku ya kuanguka.

Ndugu zangu, hofu hii hudai hakika isiyokuwapo duniani. Kioo hakiwezi kuitoa, simu haiwezi kuitoa, daktari hawezi, mama hawezi. Ndiyo sababu jibu la mama halikudumu nusu saa. Si kwamba jibu lilikuwa baya, bali swali lilikuwa halina mwisho. Wote tunaishi bila hakika hiyo. Dereva wa matatu anawasha gari alfajiri bila kuwa nayo, na mama mjamzito anakwenda kujifungua bila kuwa nayo. Tunaishi kwa kutumaini, na kwa kufanya kazi iliyo mbele yetu.

Kanisa letu halikuona haya kuitaja hofu hii. Litania yetu, ambayo ilitolewa kwa Kiingereza kwanza mwaka 1544, ina mahali ambapo watu wote pamoja humwomba Mungu awaepushe na kifo cha ghafula. Angalieni mambo mawili. Kwanza, hofu hiyo inatajwa kwa sauti, na kusanyiko zima, wala hainong'onwi na mtu mmoja gizani. Pili, ikiisha kutajwa, watu huendelea na maombi mengine: wanawaombea wasafiri, wagonjwa, watoto wadogo. Hawarudi nyuma kuuliza kama Mungu alisikia. Nasi katika Sala ya Jioni huomba ulinzi wa usiku mara moja, tukasema Amina, tukaenda kulala. Amina ina maana kwamba jambo limekwisha kukabidhiwa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, sema. Mwambie mzazi, au mwalimu, au matroni, au mchungaji wako. Sema waziwazi, "Naogopa kiharusi, na hofu hii inanizuia kulala." Usiseme kichwa kinauma wakati kinachouma ni hofu. Na kama mawazo yamekuwa meusi hata uhai wenyewe umekuchosha, mwambie mtu mzima leo hii, usingoje kesho. Iko pia namba 116, ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, ambayo hupigwa bila malipo.

Pili, kapimwe mara moja, ukubali jibu. Presha yako ipimwe, moyo usikilizwe, ueleze magonjwa ya ukoo wenu. Daktari akikuambia u mzima, usitafute daktari wa pili na wa tatu ili waseme lile lile. Hofu ikiendelea, hiyo nayo ni maradhi yenye jina na yenye tiba. Wapo wataalamu wanaoitibu kwa mazungumzo ya wiki kadhaa, na wengi hupata nafuu. Kwenda kwao si aibu, kama vile si aibu kwenda kutibiwa malaria.

Tatu, punguza kujichunguza. Usijaribu kuacha yote kwa siku moja. Ukisikia hamu ya kukimbilia kioo, jiambie, "Nitangoja robo saa," kisha ushike kazi. Kesho ngoja nusu saa. Hofu itapanda, itapiga kelele, halafu itachoka yenyewe. Na simu usiende nayo kitandani.

Nne, rudi pale ulipopakimbia. Hili ndilo lililokuwa gumu kwa msichana wetu, na ndilo lililomsaidia zaidi. Alirudi uwanjani akacheza dakika kumi, kisha ishirini. Hebu fikirini, kule kukimbia alikokuogopa ni mojawapo ya mambo yanayoilinda mishipa! Halafu, Jumamosi moja, alivuka kile kijito akiwa na chupa ya uji.

Babu alikuwa amekaa nje juani. Msichana alisimama kwa muda, pumzi zikimwenda mbio. Mzee hakumwuliza alikuwa wapi siku zote. Alimwambia tu kwa maneno yake mazito, "Vidole hivi vimesahau kazi. Hospitali walisema vinyooshwe kila siku, na nyanya yako ameumwa na mgongo." Basi akakaa, akaushika ule mkono aliokuwa akiuota, akanyoosha kidole kimoja kimoja kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyokuwa amemwelekeza nyanya. Aliniambia baadaye kwamba mkono ule ulikuwa na joto. Alikuwa amedhani utakuwa baridi.

Je, hofu yake imekwisha? La, bado humjia, hasa nyakati za mitihani. Lakini huja kama mgeni anayejulikana, haikai tena kama mwenye nyumba. Na babu sasa hufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, naye husimamia ng'ombe wake kama zamani. Hata Louis Pasteur, yule mtaalamu wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi mwaka 1868 akiwa na miaka 45, upande wa kushoto ukabaki dhaifu. Ilikuwa ni baada ya hapo, mwaka 1885, ndipo alipotoa chanjo ya kichaa cha mbwa iliyookoa mtoto aliyeng'atwa. Aliyepatwa na kiharusi bado ana kazi mikononi mwa Mungu.

Neno kwa wazazi

Wazazi wenzangu, msiwacheke watoto hawa, wala msiwakemee. Lakini msiwe kioo chao pia. Mtoto akiuliza mara ya kwanza, mjibuni kwa upole. Akiuliza mara ya sita jioni hiyo hiyo, mwambieni, "Swali hilo tulikwisha kulijibu, mwanangu. Najua unaogopa. Njoo tuchambue maharagwe pamoja." Hapo hujamtupa, ila hukuilisha hofu. Na mtu akiugua nyumbani, waelezeni watoto kwa maneno ya kweli yaliyo mepesi. Mkinyamaza, watatafuta maelezo yao wenyewe usiku, na ya usiku huwa mabaya zaidi. Tena pimeni presha zenu ninyi wenyewe, mkameze dawa mlizoandikiwa hata siku mnapojisikia vizuri. Hiyo nayo ni njia ya kumtuliza mtoto.

Wewe kijana unayenisikiliza, tafuta wanne wako. Pengine ni mama, na rafiki mmoja, na mwalimu, na nesi wa zahanati. Waache wakubebe siku zako za udhaifu. Na siku yako ya nguvu, tazama huku na huku: yuko mtu amelala kwenye godoro, anangoja mchukuzi wa nne.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba na mwili huu unaochoka, tunawaleta kwako vijana wanaoogopa usiku. Hawajui ya kesho, nasi hatujui, lakini wewe unajua. Wape watu wa kuwabeba. Wape waganga wenye hekima, na wazazi wenye subira. Uwakumbuke wote waliopooza, na wote wanaowanyoosha mikono na kuwalisha. Utufundishe kukukabidhi jambo mara moja, kusema Amina, na kulala. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.